Umoja wa Wakristo wa Hedaru Uanzie Msibani

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, makanisa mengi duniani huwa na Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo. Desturi hiyo ilianza mwaka 1908, na ni njema. Ila kwa mji kama Hedaru, pale chini ya milima ya Upare Kusini, ibada ya pamoja mara moja kwa mwaka haitoshi, na kabla hata haijafanyika watu huweza kushindwana: nani aongoze, kanisa gani litumike, iwe Jumamosi au Jumapili. Ushauri wangu kwa wachungaji, mapadre, makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa ni kwamba umoja msiuanzie madhabahuni. Uanzieni msibani, jikoni na kwenye kalenda. Huko ndiko waumini wenu wanakokutana wiki kwa wiki, na huko ndiko wanakoumizana.

Hali hii ina historia. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig waliingia Upare mwanzoni mwa karne ya 20, na Mbaga ikawa mojawapo ya vituo vyao huku kusini. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns, waliotumwa kutoka Ujerumani, walifungua Giti misheni ya kwanza ya Waadventista Wasabato katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Suji ikafuata baada ya miaka michache. Wakatoliki nao wakajijenga, na mwaka 1977 Same ikawa jimbo, miaka miwili baada ya Walutheri kupata Dayosisi ya Pare. Kwa hiyo milimani dhehebu lilikwenda na kilima: wa Suji walikua wakisikia kengele ya Sabato, wa Mbaga wakisikia ya Jumapili, na kila mmoja aliweza kuishi miaka bila kulazimika kupanga jambo na mwenzake.

Hedaru haina nafasi hiyo. Reli iliyotoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911 ilipita tambarare, kisha ikaja barabara kuu ya kwenda Arusha, na watu wa vilima vyote wakashuka kutafuta biashara, usafiri na shamba. Leo uzio mmoja unaweza kuwa na Msabato, Mlutheri, Mkatoliki na mlokole, wote wakichota maji bomba moja na kukopeshana chumvi. Wanapendana. Kinachowapiga chenga ni utaratibu.

Na wapo waliotutangulia katika kuuweka utaratibu huo. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikwenda Same kupinga kodi ya mbiru, wakakaa huko kwa miezi, wakilishwa na kupokezana zamu. Profesa Isaria Kimambo aliiandika habari yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, na mmoja wa viongozi anaokumbukwa kutoka Upare Kusini ni Paulo Mashambo. Watu wale walitoka vilima mbalimbali. Hawakungoja wakubaliane kuhusu ubatizo ndipo wakubaliane kuhusu kodi. Walikuwa na jambo moja, zamu zinazoeleweka, na chakula kilichofika kwa wakati.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Msiba

Chukua msiba wa kawaida kabisa. Mzee amefariki hospitalini Dar es Salaam. Alikuwa Mlutheri. Mke wake alibatizwa Usabato akiwa mtu mzima, kijana wao mkubwa ameoa Mkatoliki, binti wa mwisho anasali kwa walokole. Gari lenye mwili linaondoka Dar Ijumaa asubuhi, linachelewa njiani, na linaingia Hedaru jua likielekea kuzama upande wa nyika ya Simanjiro. Kwetu jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni, kufuatana na miezi. Likishazama Ijumaa, kwa Msabato Sabato imeingia: hapiki, hachimbi, hanunui. Nusu ya akina mama waliokuwa jikoni wanajifunga khanga zao vizuri na kuondoka kimya kimya. Waliobaki wanatazamana juu ya sufuria la maharage ambayo hayajaiva, na minong'ono inaanza: wenzetu wametuachia kazi. Kesho yake jioni wale walioondoka wanarudi, wanakuta nyuso zimenuna, nao hawaelewi wamekosa nini. Hapo hapana mkosaji. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga hesabu tangu Jumatano.

Kwa hiyo siku ile ile taarifa ya kifo inapofika, kabla turubai halijafungwa, kamati ya msiba iwe na mtu mmoja kutoka kila dhehebu lililomo ndani ya familia ya marehemu, hata kama marehemu mwenyewe alikuwa wa dhehebu moja. Swali lao la kwanza liwe: mwili unafika lini, na kati ya leo na siku ya kuzika kuna Sabato na Jumapili ngapi? Wakishajua, zamu zinajipanga. Akina mama wa Kisabato wachukue kazi nzito za Alhamisi na Ijumaa mchana: kuchambua maharage, kukoboa mahindi ya makande, kuteka maji, kupanga kuni. Jua likizama Ijumaa, Walutheri, Wakatoliki na walokole washike jiko hadi Jumamosi jioni. Jumamosi usiku Wasabato wanarudi na kuwapumzisha wenzao ili Jumapili asubuhi waende ibadani bila macho mazito. Mazishi yawekwe Jumapili alasiri, au Jumatatu. Zamu hizi ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni pa jiko, kwa majina, ili asiwepo wa kuulizwa kwa nini hayupo.

Baada ya jiko ni mahubiri, na hapa nitakaa kidogo, maana msibani ndipo mafundisho yetu yanapogongana uso kwa uso. Mkatoliki anamwombea marehemu. Mlutheri anamkabidhi Mungu kwa tumaini. Wachungaji wengi wa kilokole husema waziwazi kuwa marehemu amekwisha kufika kwa Bwana. Msabato anaamini kwamba aliyekufa amelala na hajui kitu hadi siku ya ufufuo. Weka wahubiri wanne hapo, mpe kila mmoja dakika kumi, na mjane atarudi nyumbani akiwa ameambiwa mambo manne kuhusu mahali alipo mume wake. Nasema hivi kwa uchungu: hakuna jambo linalowakatisha watu tamaa na Ukristo kuliko wahubiri wanaorushiana vijembe juu ya jeneza.

Dawa yake ni ndogo. Anayehubiri awe mmoja, wa kanisa la marehemu, na wenzake wapewe nafasi ya salamu na sala fupi. Mhubiri huyo aombwe mapema, na mzee anayeheshimika, ajikite kwenye ufufuo. Hapo ndipo sisi sote tunaposimama: Mkatoliki anauungama ufufuo wa wafu katika kanuni ya imani, Mlutheri vivyo hivyo, mlokole anauimba, na Msabato ameujengea tumaini lake lote. Habari ya marehemu yuko wapi sasa hivi iachwe kwa mafundisho ya kila kanisa ndani ya kuta zake. Mhubiri asiyeweza kujizuia hapo apewe kazi nyingine, hata kama ana cheo.

Nyimbo nazo zina mtego wake. Walutheri wana Mwimbieni Bwana, Wasabato wana Nyimbo za Kristo, na waumini wa madhehebu mengi ya Kiprotestanti wana Tenzi za Rohoni. Wimbo mmoja unaweza kuwa na namba tofauti katika kila kitabu, na wakati mwingine maneno yametofautiana kidogo. Kiongozi akitaja namba, thuluthi moja ya watu wanafungua ukurasa mwingine na kubaki midomo imefungwa. Basi ataje maneno ya kwanza ya wimbo, aanzishe mwenyewe ubeti wa kwanza taratibu, na achague ule ambao hata wale wasio na kitabu wanaujua. Kwaya zikiwa tatu, ratiba iseme kila moja inaimba mara ngapi. Kwaya isiyopangwa ina tabia ya kuimba hadi kaburini na kurudi.

Chakula

Kwenye shughuli yoyote inayokusanya madhehebu, pikeni kile ambacho kila mtu anaweza kula bila kuuliza. Upare tumebarikiwa kwa hili, kwa sababu makande hayana dhehebu. Wali, maharage, mboga za majani, nyama ya ng'ombe au mbuzi aliyechinjwa na Mwislamu, samaki perege kutoka Nyumba ya Mungu, vyote vinapita. Nguruwe asiingie hata kwa sufuria la pembeni. Kambale pia, kwa kuwa hana magamba na Msabato hamli. Chai ya majani na kahawa baadhi ya Wasabato hawatumii, basi birika moja liwe la mchaichai na liwekwe mezani pamoja na mengine, siyo pembeni kama dawa ya mgonjwa. Dengelua na pombe nyingine zisiletwe chini ya turubai la pamoja. Wazee wanaokunywa wanajua pa kwenda.

Siku ya kazi

Umoja wa Wakristo unaoishia kwenye kuimba ni dhaifu. Hapa Upare tuna msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, na milimani tuna ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mifereji, ambayo kwa miaka mingi yamechimbwa na kusafishwa kwa nguvu za wote na maji yake kugawanywa kwa zamu. Barabara ya kupanda Vunta huharibika mvua zikizidi. Kuna visima, kuna paa la nyumba ya bibi asiye na mtoto, kuna mtoto aliyefaulu asiye na sare. Makanisa yachague kazi moja tu kwa msimu, inayoonekana kwa macho, na yaifanye pamoja hadi iishe.

Shida ni siku. Usafi wa mazingira wa kila mwezi umewekwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Msabato anayekwenda ibadani siku hiyo huonekana mkaidi. Hapa ndipo Mlutheri na Mkatoliki wanaweza kumtendea ndugu yao jambo la kweli: wao waende ofisi ya kijiji kumwombea apewe eneo lake la kusafisha Ijumaa asubuhi au Jumapili. Ombi hilo likitoka kwa Msabato linasikika kama kisingizio. Likitoka kwa jirani asiye Msabato linasikika kama haki. Na Msabato naye alipe deni hilo kwa kukataa msaragambo wowote utakaopangwa Jumapili asubuhi, hata kama yeye ana nafasi.

Kazi yenyewe ya makanisa basi iwekwe katikati ya wiki, na wanaosema haiwezekani waitazame serikali. Uchaguzi mkuu wa 2015 ulifanyika Jumapili, tarehe 25 Oktoba. Ule wa 2020 ulifanyika Jumatano, tarehe 28 Oktoba. Nchi nzima iliweza kuhama siku, sembuse kamati ya watu kumi na wawili.

Fedha zinahitaji ukali. Mwenyekiti atoke kanisa moja, katibu la pili, mweka hazina la tatu, na akaunti ya kikundi iwe na watia saini watatu. Kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yasomwe katika makanisa yote ndani ya wiki moja, kwa karatasi ile ile, tarakimu zile zile. Michango ya pamoja isipitishwe kwenye mfuko wa kanisa lolote, hata kwa siku moja, hata kwa nia njema.

Vijana wanaotaka kuoana

Jambo hili linaumiza nyumba nyingi, nalo huja kuzungumzwa wakati kadi zimeshachapwa. Mchungaji wa Kisabato kwa kawaida hafungishi ndoa ya Msabato na asiye Msabato. Mkatoliki anayetaka kuoana na Mkristo wa dhehebu jingine anahitaji kibali cha askofu wake. Kijana asiyeyajua haya anajikuta ametoa mahari, amelipia ukumbi, na hana wa kumfungisha. Wengine wanabatizwa upya kwa haraka ili mambo yaende, na ubatizo wa namna hiyo haujengi mtu.

Wazazi, mkisikia tu kwamba mtoto ana mchumba wa kanisa jingine, msianze na ukali. Waiteni wote wawili, kaeni nao kabla ya barua ya posa, muwaulize mambo manne: nani atafungisha ndoa, watoto watalelewa kanisa gani, Jumamosi na Jumapili za nyumba hiyo zitakuwaje, na zaka na sadaka zitakwenda wapi. Majibu yakiwa ya kusitasita, ngojeni. Kisha wazee wa pande zote mbili waende kuwaona viongozi wa makanisa yote mawili, wakiwa wameongozana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla, lakini kwa ndoa ya madhehebu mawili mimi nashauri miezi sita. Na ikiwa wataamua ndoa ya kiserikali kwa sababu makanisa yamekwama, wasitengwe kama wahalifu. Watembeleeni.

Vipaza sauti na kondoo wa wenyewe

Mkutano wa injili una nafasi yake, na makambi ya Wasabato yana nafasi yake. Kinachotakiwa ni kalenda moja ya mwaka, iandikwe Desemba, inayoonyesha kila kanisa lina mkutano lini, ili mikutano miwili isipigiane kelele wiki moja kutoka pande mbili za barabara. Makubaliano mengine mawili yanatosha: mhubiri asitaje dhehebu jingine kwa jina akiwa kwenye kipaza sauti, na sauti zizimwe saa 4 usiku, kwa ajili ya wagonjwa, watoto wa shule na watu wanaoamkia shamba.

Muumini akihama, kiongozi anayempokea ampigie simu aliyemwacha. Ni heshima ya kawaida. Na kama amehama kwa sababu amegombana na mzee wa kanisa au ameulizwa kuhusu fedha, arudishwe akapatane kwanza. Kanisa linalokua kwa kukusanya waliokasirika kwingine litakuja kuvunjwa na hasira zile zile.

Hapa niseme neno kuhusu Waislamu. Familia nyingi za Upare zina pande zote mbili, na anayechinja ng'ombe wa msiba wetu mara nyingi ni shemeji yetu Mwislamu. Umoja wa Wakristo ukigeuka kuwa kundi la kushindana naye, utakuwa umeharibu nyumba ili kujenga kanisa. Kalenda mkishaiandika, pelekeni nakala msikitini.

Wengine watauliza: je, kuzungumza mafundisho tuache? Hapana, ila mjue ni safari ndefu na ina watu wake. Walutheri na Wakatoliki walianza mazungumzo rasmi ya kimataifa mwaka 1967, na tamko lao la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani likatiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Miaka zaidi ya thelathini, kwa fundisho moja. Wakati huo huo hapa Tanzania, mwaka 1992, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili hospitali na shule zao ziwe na sauti moja mbele ya serikali. Hawakungoja Augsburg. Wagonjwa hawakuwa na muda wa kungoja.

Kristo alituombea umoja usiku ule kabla ya kukamatwa, kama tunavyosoma katika Yohana 17, na sababu aliyoitoa ni kwamba ulimwengu upate kuamini. Ulimwengu wa Hedaru ni kijana wa bodaboda pale stendi, aliyeacha kanisa tangu msiba wa baba yake ulipogeuka kuwa mabishano. Huyo hatasoma tamko letu. Ataangalia kama safari hii tumezika vizuri.

Basi viongozi wetu, itisheni kikao cha kwanza. Kiwe Jumanne saa 10 jioni, maana Jumatano makanisa kadhaa yana maombi, na kifanyike nyumbani kwa mtu, siyo ndani ya kanisa la yeyote. Mambo yawe mawili tu: kalenda ya miezi mitatu na utaratibu wa misiba. Kila kanisa lilete watu wawili, na mmoja wao awe mama aliyewahi kusimamia jiko la msiba, kwa sababu bila yeye mtapanga mambo yasiyotekelezeka.